Asife Kabla ya Jumapili

Jumanne, 5 Novemba

Bibi Fusae kalazwa tena. Mapafu. Daktari kasema tukae karibu — sikupenda alivyolisema. Harusi yangu ni Jumapili, kwenye hekalu la mlimani ambako Bibi mwenyewe aliolewa. Na aliyefiwa hapiti chini ya lango la hekalu mpaka msiba uishe. Mauti hayapelekwi kwa miungu.

Mama kanong'ona tuahirishe. Bibi kasikia! Masikio hayaumwi. Eti kaningoja niolewe mpaka meno yamemwisha, tukisogeza siku atakufa makusudi.

Alhamisi, 7 Novemba

Mazoezi hekaluni. Baba, mwana pekee wa Bibi, kanikumbusha kama zamani: inama mbele ya lango, pita chini yake lakini kando, katikati ni njia ya miungu. Nikamwambia, Baba, nina miaka thelathini na nne. Akasema basi inama kama mtu mzima. Kiyotaka, mchumba wangu, kacheka.

Mimi simu mkononi muda wote. Ikitetemeka tu, moyo paa.

Jumamosi, 9 Novemba

Vijiko viwili vya uji. Basi. Sijui namwombea Bibi au naiombea harusi yangu. Najichukia.

Jumapili, 10 Novemba

Chumba cha kuvalia, nje ya lango. Kimono cheupe, kizito, kinanibana. Baba kaja moja kwa moja kutoka hospitali. Nikamuuliza. Kasema Bibi kamaliza bakuli la uji, kasema nisijikwae. Nikashusha pumzi, ya kwanza wiki hii.

Kisha akachukua mwavuli mwekundu wa kumfunikia bibi harusi aupeleke ndani. Nikamtazama dirishani. Alipofika langoni akainama, muda mrefu kuliko kawaida. Halafu hakupita. Akazunguka nguzo kwa nje, kwenye matope, na viatu vyake vipya, akatokea upande wa pili.

Baba! Aliyenigombeza utotoni kwa kuzunguka lango hilohilo.

Mama hakuona, alikuwa nyuma yangu ananifunga mkanda. Hajui kitu. Na mimi sijaambiwa kitu. Si ndiyo? Sijaambiwa.

Ngoma imeanza. Kiyotaka anagonga mlango. Mama anasema niache kuandika, baba yako anangoja. Namwona. Kasimama upande wa ndani wa lango na mwavuli, matope mpaka kwenye suruali, ananiita kwa mkono nipite chini yake.