Mama Feruzi, Skuta Haikuharibiwa na Wewe

Mke mwenzangu Mama Feruzi, hapo Kalemie ulipo,

Kwanza nakuomba usiikunje hii barua kabla hujafika chini. Najua ukiona tu mwandiko utajua ni mimi, maana Ujiji hii nani mwingine herufi zake zimelala kama zimekunywa dawa ya homa. Shule niliishia la tatu, unajua. Na sijaitia kwenye bahasha. Sijasahau, ni makusudi. Nimempa nahodha wa boti hivyo hivyo, wazi, akitaka asome, awasomee na abiria. Maneno mabaya yalivuka ziwa bila bahasha, na haya nayo yavuke hivyo hivyo.

Skuta imewaka.

Ngoja nianze vizuri, maana mimi nikianzia mwishoni mwanzo unanipotea. Unakumbuka siku ulipokuja hapa kuolewa? Umeshuka kwenye boti na skuta yako imefungwa kamba katikati ya magunia, watu wakasema bi harusi kaja na farasi wake. Mimi bi mkubwa nikaapa sitaikalia. Mwezi wa kwanza nikatembea kwa miguu. Mwezi wa pili nikakaa nyuma, upande upande, nimeshika chuma nisikuguse wewe. Mwezi wa tatu ndiyo ukanifundisha kuendesha, pale ufukweni. Nami nimekakamaa, mikono yote imeminya kila kitu, na wewe unakimbia pembeni unaniambia, "Dada, achia breki. Ukiminya breki na mafuta pamoja inakushangaa."

Nikaachia. Nikaingia moja kwa moja kwenye dagaa wa watu walioanikwa. Wewe ukakaa chini mchangani ukacheka mpaka mwenye dagaa naye akasahau kugomba.

Tangu hapo tukawa sisi na skuta yetu. Madumu ya mawese mbele miguuni, wewe umeshika usukani, mimi nyuma mdomo wazi, mpaka sokoni Gungu. Watu walisema wake wenza hawalali mkeka mmoja, hawa mbona wanapanda skuta moja. Na mimi nakusimulia habari za nani kaachwa, nani karudiwa, na wewe unajibu "weee" bila kugeuka. Mwenzangu, hiyo "weee" yako ndiyo ilikuwa inanipa nguvu ya kuendelea.

Mzee wetu alipotutoka, Mungu amrehemu, tukakaa eda chumba kimoja, miezi minne na siku kumi. Skuta nayo ikakaa eda yake uani, tumeifunika turubai. Nilikuchoka, ukanichoka. Tulilia, halafu tulicheka tukaona aibu ya kucheka. Ulikuwa unanikuna mgongo kwa mwiko pale nisipopafikia. Sijawahi kukaa na mtu karibu vile, hata na yeye marehemu mwenyewe.

Eda ikaisha, ukasema unakwenda kumwona mama yako anaumwa, mwezi mmoja tu. Ukaniambia, "Dada, nakuachia skuta. Nikirudi tunaendelea na kazi." Nikakusindikiza. Kesho yake nikafunua turubai, nikaminya stata. Tik. Nikaminya tena, hata hiyo tik ikakataa. Nikapiga kiki mpaka kandambili ikaruka kwa jirani. Kimya.

Hapo sasa ndipo mdomo wangu uliponitangulia. Bi Tatu jirani alipokuja kurudisha kandambili akaniuliza mbona skuta haitoki. Nikamwambia labda mwenzangu kaifunga makusudi, hataki niitumie. Nilisema labda, Wallahi. Lakini ile labda ilipofika sokoni Gungu haikuwa labda tena. Ilikuwa umetia sukari kwenye tangi, na kuna mtu amekuona. Sasa dhambi yangu kubwa ni hii: iliponirudia masikioni niliijua kuwa ni mtoto wangu mwenyewe, nikaiona imenoga, nikaitia chumvi. Nikasema ndiyo maana sukari nyumbani ilikuwa inaisha upesi.

Ikavuka mpaka Kalemie. Najua ilivuka, maana jibu lako lilikuja na nahodha, akanipa pale ufukweni mbele za watu: "Mwambieni bi mkubwa aiuze vyuma chakavu. Mimi sirudi kwa watu wanaonila nyama."

Nilijifanya nimekasirika. Nikasema afadhali, nyumba itapumua. Haikupumua. Nikipata habari tamu naibeba mpaka nyumbani, nafungua mlango, naanza kusema, nafika katikati natafuta ile "weee", hakuna. Umbea bila wewe ni kama ugali mkavu.

Basi juzi nikaisukuma skuta kutoka kwetu mpaka Gungu kwa fundi Bukuru, yule ambaye wazee wake walitokea Burundi, mtu wa maneno machache. Nakwambia ukweli, sikwenda nikitaka iwake. Nilikwenda anitolee hiyo sukari niione, nipate haki ya hasira yangu. Jasho linanitiririka, yeye ananisalimia, "Amahoro, mama." Amani gani na mtu anasukuma chuma kupanda mlima.

Akaniambia injini inataka moto, mafuta na hewa, kimoja kikikosekana mwenyewe unasukuma. Akafungua plagi. Imelowa, nyeusi tii. Akaisugua na msasa, akaiegemeza kwenye chuma akapiga kiki, nikaona cheche ya bluu. Moto upo. Akafungua chujio la hewa, mende wamefanya mji humo, akawakung'uta. Hewa ipo. Betri ilikuwa imekufa kwa kulala tu, akaazima ya bajaji. Akaminya stata, mwenzangu, ikawaka.

Nikapiga kigelegele, lakini hakikufika mbali. Ule moshi ukaanza kunukia. Mama lishe wa pembeni akanyanyua kichwa akauliza nani anakaanga kalimati. Fundi akaongeza mafuta kidogo, ikakohoa, ikafa. Akaiwasha tena, ikakaa vizuri, akizungusha tu mkono wa mafuta inakufa. Mara tatu. Akasema, "Inawaka, lakini haishibi."

Akafungua kabureta. Lile bakuli lake dogo la chini limejaa ute mzito wa rangi ya chungwa, na kale katundu ka kupitisha mafuta, kadogo kama jicho la sindano, kamezibwa kabisa. Nikamwambia ndiyo hiyo sukari. Akasema sukari haiyeyuki kwenye petroli, ingekaa chini punje punje. Huu uchafu hajawahi kuuona.

Nikaingiza kidole. Nikanusa.

Mama Feruzi, miaka ishirini nauza mawese. Asubuhi za baridi nimeyaona yakiganda kwenye chupa, nimeyaanika juani, nimeyanusa nikiwa na mafua nikayajua. Na pale pale ikanijia siku ile ya msiba. Dumu letu safi la petroli tumewaazima watu wa jenereta la msibani, na mimi nataka skuta ijazwe, watu watumwe nayo. Nikachukua dumu la mawese nikalisuuza na maji ya moto. Wewe umevimba macho kwa kulia, ukanishika mkono ukasema, "Dada, dumu la mawese halitakati. Tusubiri letu lirudi." Nikakujibu mimi nimeshika madumu wewe hujazaliwa. Nikatia petroli, nikajaza tangi. Petroli imekaa humo eda nzima, ile ya kwenye kabureta ikakauka taratibu, mawese yakabaki.

Nilisimama pale na kidole changu hewani. Fundi hajui. Mama lishe hajui. Ningejifuta kwenye khanga tu, nikasema sijui ni nini, na wewe ungebaki na sukari yako mpaka kiama. Nakuficha nini, nililishika kabisa pindo la khanga.

Halafu nikamwambia, "Fundi, haya ni mawese. Nimeyatia mimi."

Akanitazama. Nikangoja anicheke. Akasema, "Basi tuoshe."

Tukaosha. Tangi, mrija, kabureta yote kwa petroli mpya, yeye anazibua kale katundu kwa uzi mmoja wa waya wa breki, mimi nimeshika beseni. Akafunga. Ikawaka, akazungusha mkono, ikaitikia. Ule mlio wake unaoujua, kama mtu anayetaka kupiga chafya hapigi.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Bi Tatu, nikasimama mlangoni sikuizima, watu wote watoke. Nikasema yote. Bi Tatu akauliza, "Kwa hiyo sukari?"

"Hakuna sukari."

"Na mimi nimeshawaambia watu wa Kasingirima."

"Panda nyuma, twende tukawaambie."

Akapanda, na mwili wake ule. Tukaenda Kasingirima, tukarudi Gungu sokoni, meza kwa meza. Mwenzangu, ukweli hauna ladha. Ile ya sukari walinisikiliza wamesimama, wamesahau hata wateja. Haya ya mawese wengine waliondoka sijamaliza. Mmoja aliniambia ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Nikamshika mkono mpaka nikamaliza. Nilimalizia pale ufukweni wanapotia nanga boti za kwenu, nikapaza sauti, maana pale ndipo maneno mabaya yalipopandia boti kukufuata.

Sikwambii useme si kitu. Ni kitu. Nilikuwa na mtu wa kuninong'oneza ukweli, nikaona bora nisikilizwe na soko. Nisamehe, na kama bado moyo haujafika hapo, usijilazimishe, mpe mama yako uji, mkande miguu, mimi nipo.

Skuta ni yako. Ukisema niipakie kwenye boti ikufuate, nitaifunga kamba mwenyewe. Nitalia kidogo, lakini nitaipakia. Ila kazi yetu ipo, wateja wanaulizia, na mimi peke yangu nikiendesha sina wa nyuma, na nikikaa nyuma sina wa kuendesha. Bi Tatu hafai. Anajua kusema tu, kusikiliza hajui, amejifunza kwangu huyo.

Boti inaingia Alhamisi. Nitakuwa pale na skuta. Ukishuka, tutapanda. Usiposhuka, sitasema neno kwa mtu yeyote, hata wakiniuliza, hata wakinibembeleza. Hilo ndilo gumu kuliko kusukuma skuta mpaka Gungu, lakini nimeanza mazoezi. Nitarudi nyumbani nikiwa nimefunga mdomo wangu, na Alhamisi nyingine nitakuja tena.

Msalimie mama, Mungu amnyanyue.

Ni mimi mke mwenzako, dada yako,
Mama Zuhura