Ni Mimi Niliyepanda Yale Mawe

Kaka yangu Deusi,

Shikamoo. Nimeitoa kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, usije ukadhani nimepoa.

Ukirudi kutoka Mwanza utakuta lile banda la nyuma ya nyumba yako Kayanga liko tupu. Usiite polisi. Pikipiki nimeichukua mimi, mchana kweupe, na barua hii naiacha wazi ili isomwe na kila aliyekuwepo kijijini Ndama siku ya misa ya kumkumbuka baba. Ulisema mbele yao, nami nakujibu mbele yao.

Ulishika kipaza sauti umeshiba. Ukawasimulia jinsi ulivyopanda yale mawe ya Nyakasimbi kwa pikipiki hiyo, kutoka mtoni hadi juu, bila mguu kugusa chini. Wakapiga makofi. Kisha ukaninyooshea kidole: "Koku huyu kazi yake ilikuwa kutuletea maji ya kunywa." Wakacheka. Na mimi nikacheka, Deusi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilicheka.

Maji gani? Lini?

Padri mzee wa parokia yetu alipoondoka kurudi kwao, alimwachia baba ile pikipiki kwa sababu baba ndiye aliyekuwa fundi wake miaka yote. Ilikuwa ya zamani hata wakati ule. Nyembamba, nyepesi, haina siti ya maana, kwa kuwa haikutengenezwa kukimbia. Ilitengenezwa kupanda mawe na kuvuka matope polepole, mtu amesimama kwenye vikanyagio. Padri alifika nayo vilima vya Kyerwa ambako gari lilishindwa. Baba alituita uani akasema, "Ni yenu wote wawili. Sitaki kusikia ugomvi."

Na hatukugombana! Umesahau? Ulinifundisha wewe. Ulikimbia kando yangu umeshika usukani, jasho linakutoka, ukinifokea, "Usitazame jiwe! Tazama unakokwenda!" Nilipoanguka nikateguka bega, ulinibeba mgongoni kupitia migombani mpaka barabarani, huku unalia kuliko mimi. Tulipotumwa kwa shangazi Kyerwa tulipokezana, kwa kuwa haikubeba wawili. Mmoja aliendesha, mwingine akakata njia za mkato kwa miguu, tukakutana mbele tunacheka kama wehu, tumejaa vumbi, tunanuka petroli iliyochanganywa na oili. Sijawahi kuwa na rafiki kama wewe wa siku zile. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa hivi. Mtu baki angesema uongo huo ningemsamehe njiani nikirudi nyumbani.

Mchezo ulikuwa mmoja, ule aliotuachia padri: kila mguu ukigusa chini, kosa moja. Siku ile ya mawe ya Nyakasimbi ulianza wewe. Ulifika juu, sikatai, lakini uligusa mara tatu. Nikafuata mimi. Lile jiwe la mwisho, lenye utelezi, niliachia klachi taratibu mpaka nikasikia tairi inauma, nikajisukuma mbele, nikatokea juu. Wewe ndiye uliyekuwa unahesabu. Ukasema, "Hakuna kosa." Ukakimbia hadi nyumbani ukipiga kelele, "Mama! Koku amepanda yote!" Mama alikuwa anamenya ndizi. "Waitu jamani, akivunjika mguu nani atamwoa?" Ukamjibu, "Mwenye bahati."

Baba hayupo. Mama hayupo. Padri naye tulisikia amefariki kwao. Aliyebaki anayejua kwamba nilifika juu ya lile jiwe ni wewe peke yako, na umesimama mbele ya ukoo mzima ukanifuta.

Wiki ile wakwe zangu walipokuja kuleta posa, uliikokota pikipiki ukaipeleka Kayanga. "Mke wa mtu hapandi mawe," ulisema. Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunikataza jambo. Aliyenikataza ni wewe. Miaka hii yote nilijifariji kwamba walau unaiendesha. Jumanne nimefungua banda, nimekuta kuku ametaga juu ya tangi.

Nilifanya kazi uani kwako siku mbili. Nilibadilisha tyubu na plagi, nikasafisha kabureta, nikafumua kiota. Nilipopiga kiki, ilikohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Nililia, lakini kwa hasira.

Ninachotaka ni kimoja. Waite walewale, shika kipaza sauti kilekile, useme ukweli. Usiseme "tulipanda". Nitaje jina. Kabla ya hapo usije kwangu na soda na maneno matamu.

Sasa kuhusu mkeo, maana najua ndiye utakayemtafuta. Wifi Anastazia ndiye aliyenifungulia geti, na siku zote mbili ndiye aliyenishikia pampu. Nilipokuwa nafunga gurudumu la nyuma aliniuliza, "Kwani yale mawe aliyapanda nani?" Nikamwambia. Aliingia ndani, akatoka na kifurushi cha nguo, akaita bodaboda. Nilidhani anakwenda kwao. Nimefika Nyakasimbi, nageuka, nakuta bodaboda yake inaingia uani kwangu.

Yuko hapa, mzima. Asubuhi tukishamaliza kuanika kahawa namfundisha klachi. Jana alizima injini mara nyingi mno, akaishia kwenye migomba. Nilipokimbia kumwinua alikuwa amelala chali anacheka, cheko ambalo sijawahi kulisikia nyumbani kwako. Hajaniambia atarudi lini, na mimi sijamuuliza.

Ni mimi dada yako,
Koku, ambaye hasira bado haijamwisha.