Simama, Ule, Kisha Twende

Lanham, Maryland
3 Februari 1998

Kwa binti yangu Mwatime,

Assalaam alaykum. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa goti langu, ambalo halipatani na baridi ya nchi hii. Kaka yako Nassor na mkewe wanakusalimu. Binti yao Sundus naye anakusalimu, kwa Kiingereza, kama ilivyo ada yake. Natumai nawe u mzima na Idi imekupita kwa heri.

Naandika kwa jambo moja. Baada ya sala ya Idi, Bwana Riyadh aliniuliza mbele ya watu: "Baba Nassor, ni kweli binti yako wa Japani anatembeza wageni katika soko la samaki, wakila njiani?" Watu walicheka. Nilimjibu kwamba wewe ni mfasiri wa ofisini. Nilipofika nyumbani, Nassor akaniambia kuwa ofisi umeiacha tangu Novemba.

Ulipokuwa mdogo, kule Tanga, ulitoka nyumbani na mhogo wa kuchoma mkononi, nikakurudisha mpaka mlangoni. Nilikuambia: "Simama, ule, kisha twende." Sikukusomesha ili uwe kiongozi wa walaji wa barabarani. Nataka maelezo, si visingizio.

Baba yako

Kanazawa, Japani
21 Februari 1998

Shikamoo Baba,

Mimi ni mzima, ila nasikitika kwa habari ya goti lako. Tafadhali usitoke bila soksi zile za sufi nilizokuletea.

Ni kweli niliacha ofisi. Kila asubuhi nawapokea wageni kwenye lango la soko. Vichochoro ni vyembamba, sakafu imelowa, na wachuuzi wanaita bei kama watu wanaogombana. Tunaanza na ngisi wa kuchoma kwenye kijiti, kisha kamba wabichi, ambao wageni huwaogopa mpaka wawaonje, na mwisho mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, anayechomwa na mchuuzi aitwaye Mzee Okabe. Michuzi yao mingine hutiwa pombe, kwa hiyo mimi na wageni Waislamu tunaomba chumvi tu.

Huku nako, Baba, kula ukitembea ni utovu wa adabu. Mzee Okabe alikuwa hataki wageni kabisa, kwa sababu walinunua, wakaondoka wakitafuna, wakawadondoshea watu mafuta na kuacha vijiti chini. Siku ya kwanza nilipofika na kundi langu alinipa mgongo. Bwana mmoja Mholanzi akachukua kijiti chake, akaanza kwenda. Nikamshika shati: "Simama, ule, kisha twende." Niliyasema kwa Kiswahili, yalinitoka yenyewe. Kisha nikamfasiria. Akasimama. Kundi zima likasimama, likala, likarudisha vijiti.

Mzee Okabe akageuka, akaniuliza nani alinifundisha. Nikamjibu kuwa ni baba yangu, mwalimu. Akasema mwalimu huyo angefaa kuwa na duka hapa.

Sasa wachuuzi wamekubaliana kunipa kazi hii rasmi, na kwamba mtu yeyote asiingize kundi sokoni ila kwa utaratibu wangu. Wanataka jibu kabla ya Aprili. Nimewaambia sitajibu bila radhi zako. Ukikataa, nitarudi ofisini, na sitanung'unika.

Binti yako,
Mwatime

Kanazawa
29 Machi 1998

Shikamoo Baba,

Natumai baridi imepungua huko na goti limepata nafuu. Mimi sijambo.

Barua yako haijafika. Nilimpigia Nassor simu, akasema yangu uliisoma, ukaikunja, ukaitia mfukoni mwa koti.

Leo wachuuzi wameniuliza tena, nami nikawaeleza ukweli. Muuza kamba alilalamika kwamba soko zima linamsubiri mzee mmoja aliyeko Marekani. Mzee Okabe akamwambia: "Basi tutamsubiri." Wameniongezea muda mpaka mwisho wa Aprili.

Mwanao,
Mwatime

Lanham, Maryland
12 Aprili 1998

Kwa mwanangu Mwatime,

Marahaba. Goti liko kama lilivyokuwa, lakini jana lilinifikisha mbali.

Nilikaa kimya kwa sababu sikuwa na neno sahihi, na neno lisilo sahihi mimi siliandiki.

Siku ya Idi Kubwa, Bwana Riyadh alirudia mzaha wake. Safari hii sikumkwepa. Nilimwambia aje Jumamosi pamoja na wenzake, niwaonyeshe kazi ya binti yangu. Nassor alitupeleka Washington, kwenye soko la samaki lililo kando ya mto, ambako wachuuzi huuzia juu ya vyombo vilivyofungwa gatini. Tulikuwa wazee wanne, pamoja na Sundus. Mimi nilitangulia. Tulinunua kamba wa mvuke, kisha samaki wa kukaanga aliyewekwa ndani ya mkate. Bwana Riyadh akauma, akaanza kuelekea garini, mafuta yakimchirizika mpaka kwenye kiwiko.

Nikasema, kwa sauti ile ya darasani: "Simama, ule, kisha twende."

Akasimama, Mwatime. Wote wakasimama. Hata Wamarekani wawili wasiotuhusu walisimama. Tulikula palepale, tukamsifu muuzaji, tukatupa taka mahali pake, naye akatuongezea kamba bila kuombwa. Hapo nikawaeleza kwamba huko Japani soko zima linafuata maneno hayo, na anayeyasema ni binti yangu. Sikuwaambia ulikoyatoa. Sundus ndiye aliyewaambia, kwa Kiswahili, tena kilichonyooka.

Bwana Riyadh ameuliza kama unapokea wageni mwezi wa Oktoba. Nimemwambia apange foleni nyuma yangu.

Wajibu wachuuzi wako kwamba umekubali. Radhi zangu unazo, zote. Mshukuru Mzee Okabe kwa kunisubiri, na umwambie kwamba mkunga wangu ni wa chumvi tu.

Hapa, kama kwetu, watu wananiita kwa jina la kaka yako kwa kuwa ndiye mkubwa wenu. Jana, tukiwa njiani kurudi, Bwana Riyadh aliniita kwa jina jingine, akidhani ananitania. Niliitika. Nassor, aliyekuwa akiendesha, alicheka, akasema hana kinyongo.

Ni mimi,
Baba Mwatime