Nilimfungia Baba Mkwe Koki ya Joto

Shangazi Burul mpendwa, nisaidie kabla sijarukwa na akili, maana barua hii nimeianza mara tatu na mara zote nimeichana, sijui nianze na jengo au nianze na mzee, na sijui hata kama kosa ni la jengo, ni la mzee au ni langu mwenyewe.

Mimi ni msanifu majengo, nina miaka thelathini na minne, nimesomea mjini Bishkek, nimeolewa katika kijiji kimoja upande wa Naryn, na miaka mitatu iliyopita kijiji chetu kilipopata mfadhili wa kujenga maktaba, baba mkwe wangu (jina lake sitaliandika, mkamwana hatamki jina la baba mkwe, na karatasi nayo ina masikio) alisimama mkutanoni akasema, "Ya nini kutafuta mtu mjini wakati mkamwana wangu yupo hapa anakamua ng'ombe?" Watu wakacheka, wakakubali, nikapewa kazi. Shangazi, nilichora kwa moyo wangu wote. Nilisema sitaki sanduku la zege kama majengo ya zamani yenye korido ndefu na harufu ya rangi, nataka watu wa hapa wakiingia wajione wako kwao, basi nikachora jengo la duara kama hema letu la malishoni, juu kabisa tundu kubwa la kioo la kuingiza mwanga, meza ya mkutubi katikati, pale ambapo hemani pangekuwa na jiko, rafu zimezunguka ukuta, na mkabala na mlango dirisha moja kutoka sakafuni mpaka darini, ukikaa pale unaona mto na milima yote, na chini ya dirisha hilo nikaweka viti vizuri kuliko vyote, nikijisemea hapa watoto watakaa wasome mpaka wasahau kwenda kwao. Picha za dirisha hilo zimetoka kwenye jarida la wasanifu, na jengo limeingizwa kwenye mashindano huko Almaty.

Sasa ona ujinga wangu. Nimezaliwa hemani mimi! Kila kiangazi cha utoto wangu nililala hemani, na bado nikasahau kwamba mkabala na mlango ndiyo tör, mahali pa mkubwa, na mdogo hapiti akaenda kukaa ndani zaidi ya mkubwa wake hata umwahidi dhahabu. Siku ya ufunguzi baba mkwe aliingia, akatembea moja kwa moja mpaka dirishani, akaketi, wazee wenzake watatu wakaketi kando yake, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, mjinga mimi. Kesho yake akaja tena. Kesho kutwa akaja. Tangu ufunguzi huo wa Oktoba hakukosa siku, wale wenzake walichoka zamani wakarudi kwenye karata zao, yeye saa tatu asubuhi yuko pale, na watoto wa shule wakiingia wanamwamkia, wanarudi nyuma, wanajibana mlangoni na makoti yao, na kila mlango ukifunguliwa baridi inawachapa usoni, nusu saa haiishi wanaondoka. Mwanzoni walikuwa wanakuja watoto sitini kwa siku. Kufika Januari walikuwa saba.

Halafu kuna Jipar, mkutubi wetu, naye ni mkamwana wa watu. Meza nimemwekea katikati, akiutazama mlango mgongo uko kwa mzee, akimtazama mzee mgongo uko kwa wasomaji, kwa hiyo anatembea kinyumenyume na vitabu mikononi ili asimpe mzee mgongo, na Desemba akajikwaa, akaanguka na rundo zima la kamusi. Nilipomwinua akaniambia, "Dada, ulipoichora meza hii ulidhani mkutubi atakuwa mwanamume, au ulidhani atakuwa hana adabu?" Ukweli ni kwamba sikudhani kitu chochote, niliona tu inapendeza.

Mwenyekiti wa kijiji naye amekuja na lake. Amesema ikifika Nooruz, sikukuu ya mwaka mpya mwezi wa tatu, na wasomaji hawajarudi, jengo linageuzwa ukumbi wa karamu, kuna mtu yuko tayari kuliendesha. "Mzee anakaa mbele, vijana wanabanana mlangoni," akaniambia huku anacheka, "mbona ni ukumbi wa harusi tayari, yamebaki masufuria tu!" Nikamwendea mume wangu Kubat.

"Mwambie baba yako apumzike nyumbani," nikamwomba.

"Mwambie wewe, jengo ni lako."

"Baba ni wako!"

"Ndiyo maana mimi siwezi kumwambia."

Nikaenda kwa mavyaa, nikidhani mwanamke mwenzangu atanielewa, akanikatiza kabla sijamaliza. "Wewe binti, usithubutu. Miaka arobaini na mitano nimekaa na huyo mwanamume jikoni ananiambia chumvi imezidi. Maktaba yako ndicho kitu cha kwanza kizuri nilichopata katika kijiji hiki."

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu. Joto la maktaba linapita kwenye mabomba chini ya sakafu, kila upande una koki yake, na ufunguo wa chumba cha koki ninao mimi. Katikati ya Januari nilikwenda nikaifunga koki ya upande wa dirisha. Nilifikiri atasikia baridi, atabaki nyumbani kama wenzake, hakuna atakayemwambia neno, heshima itabaki heshima na watoto watarudi. Kesho yake akaenda amevaa koti la manyoya. Kesho kutwa akaongeza na viatu vya manyoya. Siku ya tatu jioni nikimmiminia chai akaniambia, "Mkamwana, dirisha lako lina baridi kidogo, lakini usijali, mimi ni mtu wa malisho." Usijali! Shangazi, niliinamisha kichwa, nikamwongezea maziwa kwenye chai, na koki sikuifungua.

Siku ya tisa akaanza kukohoa, ya kumi na moja homa, ikawa nimonia, amelazwa hospitali wiki mbili, sasa yuko nyumbani kitandani na pumzi zinapiga filimbi. Koki niliifungua siku ileile alipopakiwa kwenye gari. Majirani wanasema ni kioo kile kikubwa kimetaka kumuua mzee wa watu, mavyaa anasema ni kioo, na mimi natikisa kichwa nakubali ni kioo, sithubutu kusema ni koki.

Na kinachonimaliza kabisa ni hiki. Kiti sasa ni kitupu, sakafu ina joto, na watoto bado wanajibana mlangoni! Juzi nilimshika mkono msichana mmoja wa darasa la tano, nikamwambia, "Njoo ukae hapa, kuna joto." Akanitazama kama nimemwambia akalie kaburi. "Hapo ni pa babu," akasema. "Akirudi je?" Sasa mimi sielewi tena, ni mzee aliyewafukuza au si yeye, na kama si yeye, nilimwumiza kwa sababu gani?

Jana nilimpelekea supu, akaniuliza, "Nani anakaa pale siku hizi?" Nikamjibu, "Hakuna, baba." Akageukia ukutani, mabega yakawa yanamtikisika, na sijui alikuwa anacheka, analia au anakohoa, nikasimama na bakuli mpaka mafuta ya kondoo yakaganda juu ya supu. Nooruz imebaki wiki tano. Nikimwambia habari ya koki nitafukuzwa nyumba hii, nisipomwambia nitabaki kusingizia kioo maisha yangu yote, na sijui kama nipiganie jengo au niliache lichukuliwe na masufuria. Niambie kipi ni kipi, mimi sioni mbele wala nyuma.

Wako,
Mkamwana aliyepotea, Naryn

*

SHANGAZI BURUL ANAJIBU

Mkamwana wa Naryn, kaa chini, na kama umeshakaa kaa vizuri, kwa sababu nitakusema kwanza ndipo nikusaidie.

Kumfungia mzee joto, mwezi wa kwanza, Naryn! Huko hata mbwa mwizi hufunguliwa mlango wa zizi. Siku ya tatu alikupa njia ya kutokea, alikuambia kwa mdomo wake kwamba dirisha lina baridi, na wewe ukamjibu kwa maziwa. Usiniambie hukujua. Ulijua, ukaona haya, na haya yako ikamlaza mtu hospitali. Pole hata hivyo, mwanangu, nakuambia pole ya kweli. Mume amekukwepa, mavyaa amekukatiza, mwenyekiti amekutisha, na ukabaki peke yako na ufunguo mfukoni. Mtu akibaki peke yake na ufunguo hufanya upuuzi. Lakini upuuzi ni wako.

Unauliza kosa ni la nani. Si la mzee. Mzee alikaa pale ambapo angekaa mzee yeyote. Angekaa mlangoni mngemcheka. Si la watoto pia, hao wamelelewa, na ukome kuwashika mikono kuwafundisha utovu wa adabu ili jengo lipate tuzo. Mtoto yule wa darasa la tano alikujibu jambo ambalo chuo hakikukufundisha. Tör haikai kwenye kiti wala kwenye mto wa kukalia. Tör inafuata mlango. Palipo na mlango mmoja pana mbele na pana nyuma, pana mkubwa na mdogo, na hata mzee akifa leo, Mungu apishe mbali, pale patabaki pake.

Basi toboa mlango wa pili. Utoboe palepale kwenye dirisha, uuangalie mlango wa kwanza. Chumba chenye milango miwili inayotazamana hakina mbele wala nyuma, kila mtu atakaa anapoona mwanga. Weka na kijichumba kidogo nje ya kila mlango, baridi iishie huko. Na meza ya Jipar isukume ukutani leo leo, mgongo wake uelekee ukuta, ukuta hauna baba mkwe. Mimi ni mwanamke wa gazeti, sijui nondo wala saruji, na nimeliona hilo nikiwa nakunywa chai. Wewe ulishaliona kabla yangu. Hukutaka kuliona kwa sababu ya kile kioo chako kilichotoka jaridani. Mzee agande, kioo kisiguswe! Hilo ndilo la kukukosesha usingizi, si masufuria ya mwenyekiti.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Leo hii, kabla hujamwambia Kubat, kabla ya mavyaa, ingia kwa mzee. Usimtume mtu. Usitangulize machozi, ukilia kwanza itabidi yeye ndiye akubembeleze, na ana kazi ya kupumua. Mwambie, "Baba, baridi haikuwa ya dirisha. Nilifunga koki kwa mkono wangu." Nyamaza hapo. Akikufukuza, nenda ukakae zizini, jioni urudi umpikie chai. Akikufukuza tena, rudi tena. Huyu mtu alilala milimani maisha yake yote, na sasa anajilaza hapo akidhani kifua chake kimemsaliti kwa kukaa tu kwenye kiti. Mrudishie kifua chake. Huna haki ya kukaa nacho hata siku moja zaidi.

Ukishamaliza kwa mzee, Kubat aambiwe, na huyo mume wako umwambie kutoka kwangu kwamba mtu anayeogopa baba yake na kumtuma mkewe anastahili kulala zizini na wewe. Halafu mwendee mwenyekiti na mchoro wa mlango mkononi, umwombe muda mpaka mwezi wa tano ardhi ilainike. Akikataa, mwulize mbele ya watu ni nani atakayecheza harusi kwenye ukumbi ambao kijiji kizima kinaamini nusura umuue mzee. Nakuhakikishia muda utaupata.

Alicheka au alilia pale ukutani? Sijui, na wewe hutajua kwa kutazama mabega. Mwulize.

Neno la mwisho. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniandikia habari za kioo, za tundu la mwanga, za mabomba, za watoto sitini na watoto saba, mpaka kamusi za Jipar nimezihesabu. Mzee wa watu amekaa ndani ya maktaba yako miezi minne, hakukosa siku, na hukuniambia hata mara moja alikuwa anasoma kitabu gani. Nadhani hukijui. Jipar anakijua, kimo kwenye daftari lake. Kachukue hicho kitabu, ukae kando ya kitanda, umsomee kuanzia pale alipoishia.