Miche Niliyoshuka Nayo Milepa

Jumatatu, 11 Januari 1993
Nimemwagilia tangu alfajiri. Ndoo kumi na nane. Miche sitini: mikaratusi thelathini, misindano ishirini, misaipresi kumi. Yote imesimama. Nimeipanda mwenyewe mbele ya zahanati, mistari mitatu, kamba imenyooka. Bonde zima hakuna wa kunyoosha mstari namna hii.

Miaka ishirini na sita nilikuwa bustani ya miche ya serikali, Sumbawanga. Ile miti mirefu ya bomani, nusu yake nimeitoa mimi kwenye mbegu. Mwaka jana wakatupunguza kazi. Wakasema siku hizi kila mtu ajioteshee. Sawa. Nimejioteshea.

Joto. Koti nimelitundika tangu nifike. Linanuka ukungu.

Jumatano, 13 Januari
Nimemwagilia. Sitini.

Binti yangu Stella ndiye nesi wa hapa. Ndiye aliyeniita. Kina mama wanasubiri kliniki juani na watoto mgongoni, hakuna hata kichaka. Akawaambia wanakijiji, baba yangu anajua miti. Watu arobaini wakachimba mashimo siku mbili, kwa neno langu tu. Miti hii ikifa, jina langu nalo basi.

Mashimo yao nikayakataa. Nikawaambia wakate majani, tuyarundike chini, tuinue tuta la udongo juu yake, mche ukae kileleni. Intumba. Wafipa ndivyo tunavyolima, majani yakioza chini ndiyo mbolea. Juu kwetu, Sumbawanga, sijapanda kwa njia nyingine maisha yangu yote.

Jirani wa zahanati ni Mama Kabula, Msukuma, mjane, ana ng'ombe. Alisimama kwenye ua wake akitutazama. Akasema, "Babu, hapo unawapikia mchwa."

Nikamjibu, "Mama, wewe chunga."

Watu wakacheka. Nilifurahi.

Jumapili, 17 Januari
Mvua siku tatu. Lori la kunirudisha Juu halikuja. Daraja la chini ya mlima limechukuliwa na maji. Nilikuja kwa wiki moja. Sasa nimefungiwa huku kama kuku kwenye tenga.

Naishi kwa mkwe. Didas, mume wa Stella, ana duka. Biashara imekuwa ruksa, basi ana sabuni za kila rangi na vitenge vilivyopitia mpaka wa Kasesya. Kijana mzuri, sina neno naye. Lakini si desturi mzee kushinda kwa mkwe wake. Yeye hawezi kukaa kwa raha mbele yangu, mimi siwezi kula nikashiba mbele yake. Jana alinipisha kiti mara nne. Nakula haraka, natoka nje. Nje mvua.

Alhamisi, 21 Januari
Misindano minne imegeuka rangi ya kutu. Nimeing'oa asubuhi kabla zahanati haijafunguliwa. Mizizi hakuna. Imekatwa kama kwa wembe. Udongo umejaa mchwa weupe.

Nimeitupa chooni.

Minne tu. Hata bomani minne ilikuwa ikifa.

Jumatatu, 25 Januari
Iliyokufa imefika kumi na tisa.

Sasa ni mikaratusi. Jioni kijani, asubuhi imelala. Nimemwaga majivu. Nimemwaga maji ya tumbaku. Wapi. Iliyokufa siing'oi tena, naikandamizia udongo isimame. Kwa mbali mtu hawezi kujua.

Vijana wanaokaa barazani kwa Didas wamenipa jina. Bwana Msitu. Leo mmoja ananiambia, "Shikamoo Bwana Msitu. Kivuli kinafika lini tuje na mkeka?"

Nikasema, "Marahaba. Mti si soda, ufungue unywe."

Wenzake wakamcheka yeye. Nilijibu vizuri. Lakini kurudi nilipitia nyuma ya nyumba, wasinione tena.

Jumanne, 26 Januari
Ndama wawili wa Mama Kabula wameingia. Wamevunja mikaratusi miwili, wamekanyaga tuta moja. Nikapiga kelele. Watu wakajaa. Mwenyekiti wa kijiji akatembea mstari mzima, anagusa mti mmoja mmoja. Akauliza, "Mzee, yote hii ni ndama?"

Nikasema, "Si mnaona wenyewe."

Maneno hayo tu. Sikusema ni ndama. Wao ndio waliosema.

Leo nimekula nikashiba, mara ya kwanza tangu nifike.

Ijumaa, 29 Januari
Mwenyekiti ameitisha mkutano Jumatano. Wanataka Mama Kabula ahamishe zizi, avuke ng'ambo ya mto. Ng'ambo ni matope matupu mpaka mvua ziishe. Ng'ombe wataoza kwato.

Stella ndiye aliyeniambia, akinipakulia. Kisha akanitazama. Nimemlea, ananijua.

Ugali niliurudisha.

Sikumtakia mabaya yule mama. Nilitaka watu waangalie pengine kidogo.

Jumamosi, 30 Januari
Iliyo hai haifiki kumi. Nimefukua tuta la msaipresi uliokuwa na afya kuliko yote. Nimefukua kwa mikono. Majani tuliyoyafukia yamekuwa nyumba ya mchwa, wamejenga vyumba na njia. Yule mama alisema kweli neno kwa neno. Juu kwetu baridi inawazuia. Nataka kuandika kwamba nilisahau. Sikusahau. Sikuwa najua. Miaka ishirini na sita nimeotesha mahali pamoja, penye baridi, nikadhani dunia nzima ni pale.

Na hata bila mchwa, msindano haukuwa wa huku. Nilikuwa nauona unahema.

Mchana nimezunguka kijiji kutazama miti iliyojisimamia. Kama mwanafunzi. Mkwaju kando ya mto, mzuri, kivuli kizito, lakini unachelewa, hawa kina mama watakuwa mabibi. Mwembe unakua vizuri ila utaleta watoto na mawe, na dirisha la zahanati liko karibu. Mjohoro nyuma ya kanisa, unakwenda upesi, jua haliusumbui. Mwarobaini uko mmoja mkubwa kwa Mama Kabula, unafunika zizi zima. Mchungu, mchwa hawaupendi. Matawi yameshikana, hayavunjiki ovyo kwa upepo.

Hakuna hata mmoja niliowahi kuupanda.

Jumanne, 2 Februari
Daraja limeungwa upya kwa magogo. Lori linapanda kesho saa mbili. Mkutano saa nne. Nitakuwa nusu ya mlima kabla hawajakaa.

Nimefunga mzigo. Didas ameubeba mwenyewe mpaka mlangoni, kwa adabu zote, lakini uso wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyeponyoka. Simlaumu. Stella amesema, "Safari njema, baba," akaendelea kuosha vyombo.

Kesho nitavaa koti. Nimefurahi.

Si kweli.

Jumatano, 3 Februari
Nilipanda lori. Nyuma, juu ya magunia ya mpunga. Likapita mbele ya zahanati. Kina mama walikuwa wamekaa juani kama kila siku, na mbele yao miti yangu iliyokufa, imesimama mistari mitatu, imenyooka. Nikagonga bati la kabini.

Dereva akatoa kichwa. "Mzee, umesahau nini?"

Nikamwambia nashuka. Akalalamika mpaka mfuko wangu ulipofika chini.

Niling'oa msindano mmoja nikaenda nao mkutanoni. Mama Kabula alikaa mbele, peke yake, nafasi imeachwa pande zote mbili. Mwenyekiti alikuwa ameanza kusoma. Nikasimama bila kupewa ruhusa. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yote yalikimbia. Nikainua ule msindano juu, upande wa mizizi. Nikasema ndama wamevunja miti miwili. Iliyobaki nimeiua mimi.

Mwenyekiti akasema, "Mzee wetu, kaa kwanza, utueleze vizuri."

Sikukaa. Ningekaa nisingeinuka. Nikasema nimeleta miti ya baridi kwenye joto, nikaiweka juu ya chakula cha mchwa. Mama huyu alinionya nikamcheka. Mlipoanza kumshika yeye nikanyamaza.

Kisha kutoka nyuma sauti ya kijana, polepole, "Bwana Msitu." Basi. Walicheka. Wazee pia. Nilisimama mpaka wakamaliza. Sijawahi kuona aibu kama ile, hata siku tuliyosomewa majina ya kupunguzwa kazi.

Zizi halihami.

Mama Kabula hakucheka. Alikunja mkeka wake akapita karibu yangu bila salamu.

Ijumaa, 5 Februari
Nimerudi kwa Didas na mfuko wangu. Ananipisha kiti kama kawaida. Leo nimekikataa, nimekaa kwenye kigoda jikoni na Stella. Afadhali.

Nimekwenda kwa Mama Kabula. Kuomba. Mimi. Nikabisha hodi mara tatu, nasikia anavyofagia. Ya nne akasema, "Umekuja kunifundisha kuchunga?"

Nikasema nimekuja kuomba miche ya mwarobaini, ile iliyojiotea chini ya mti wake.

Akasema, "Jembe lile pale."

Nikachimba. Yeye akakaa kwenye mlango wa zizi ananikagua. Akanikosoa mara mbili. Mara ya pili alikuwa na haki. Mara ya kwanza hakuwa na haki, na nilimwambia.

Hapo akacheka kidogo. "Babu, kumbe hujapona."

Jumanne, 9 Februari
Tumebomoa intumba zote. Tumezoa majani, tumeyachoma. Waliojitokeza ni sita. Safari ile walikuwa arobaini. Mashimo ya kawaida, udongo mtupu, hakuna jani ndani. Mijohoro nimeomba kanisani. Kupanda namna hii mikono yangu inakataa, kila mara nataka kuinua tuta.

Jumapili, 14 Februari
Miarobaini ishirini na minne, mijohoro kumi na minane. Mwarobaini mmoja umekauka. Nimeung'oa mchana, watu wanaona. Mizizi mizima. Ulipandwa vibaya tu, na mtu mmoja ambaye simtaji.

Lori limepita tena Alhamisi. Sikuliulizia.

Leo hakuna kliniki, lakini mama mmoja ameletwa na mtoto mwenye homa. Akasubiri nje. Akaweka kanga juu ya mche mmoja, mche wenyewe unafika gotini, akamlaza mtoto chini ya ile kanga. Mche ukapinda. Nilitaka kumfukuza.

Nimekwenda kukata fito mbili. Nikazisimika kando ya mche, nikaihamishia kanga juu ya fito. Mtoto hakuamka.