Ulikuwa Unakwenda Bombani Bila Ndoo

Mwalimu Naomi,

Shikamoo. Najua huko uliko haijibiwi, lakini ulipokuwa hai hukuniruhusu hata siku moja kuanza kusema na wewe bila hiyo, na leo nina maneno mengi mabaya. Basi angalau nianze na adabu.

Nimekasirika. Nimemkasirikia mwalimu mkuu, nimejikasirikia mimi, na wewe nimekukasirikia zaidi, kwa sababu huwezi kunijibu. Miaka yote uliyowafundisha muziki watoto wa awali, hukuacha hata karatasi moja. Wiki moja baada ya kukuzika nilifungua kabati lako nikitafuta daftari la maendeleo yao. Nilikuta kayamba mbili, mfuko wa vizibo vya soda, na kanga yako ya kufutia vumbi. Yote uliyoyajua kuhusu kila mtoto uliondoka nayo. Mimi msaidizi wako, mwalimu wa kujitolea, nikakabidhiwa darasa na boksi la chaki.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu alitaka ripoti. Kwenye fomu kuna mstari wa kuimba na kupiga mapigo, na mbele yake maneno manne ya kuchagua: vizuri sana, vizuri, wastani, hafifu. Akasema nimalize asubuhi moja. Nikawasimamisha watoto mbele ya darasa, mmoja mmoja, waimbe ule wimbo wako wa kufukuza ndege shambani. Makofi matatu, kimya, kofi moja. Ulikuwa ukiwaambia, "Hapo nyamaza, usikilize kama ndege wameondoka." Watoto wa miaka mitano, Mwalimu, nimewasimamisha kama washtakiwa, na mwalimu mkuu yuko pembeni anatazama saa. Wenye sauti kubwa walipiga makofi mfululizo, hakuna kimya wala nini, nami nikawaandikia vizuri sana kwa kuwa walichangamka. Mwajuma, yule binti mwembamba wa dirishani, alisimama akatazama miguu yake. Hakutoa sauti. Nikaandika hafifu, nikaita mwingine.

Ingeishia kwenye karatasi nisingekusumbua. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu mkuu akasoma kwa sauti majina ya waliopata hafifu, eti wazazi wajitahidi. Baba yake Mwajuma akasimama mbele ya majirani zake wote akasema, "Basi abaki awali mwaka mwingine. Kama hata kuimba kunamshinda, la kwanza ataenda kufanya nini?" Watu wakacheka. Mwajuma alikuwa mlangoni, anasikia. Tangu siku hiyo nikianzisha wimbo anageukia ukutani. Januari wenzake wataingia darasa la kwanza, yeye atabaki, na mkono ulioandika ni wangu.

Sasa nije kwenye bomba. Kila Jumamosi ulikuwa unakwenda bombani bila ndoo, unakaa kwenye ukingo wa saruji na kuwasikiliza watoto wadogo wakicheza, wale ambao hata shule hawajaanza. Wanawake walikutania kwamba mwalimu amekosa kazi. Mimi nilicheka nao. Jumatatu ulirudi darasani ukijua nani ameuelewa wimbo na nani bado, nami nikidhani unabahatisha. Nilipokuuliza ulisema, "Eliya, mtoto anaweza kukuimbia asichokijua. Kumfundisha mdogo wake asichokijua, hawezi." Nikaitikia ndiyo, nikaendelea kufuta ubao.

Kwa nini hukunishika sikio? Kwa nini hukuniambia kaa hapa, sikiliza, andika?

Jumamosi iliyopita maji yaliniishia, nikaenda kupanga foleni. Asha, mdogo wake Mwajuma, hajafikisha hata miaka mitatu, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anaimba wimbo wa ndege. Nusu ya maneno aliyatunga mwenyewe. Lakini makofi yalikuwa matatu, halafu akanyamaza, akainua uso kutazama juu, akasubiri, akapiga moja. Akarudia, na kila mara alisubiri. Katika wote niliowaandikia vizuri sana, hakuna hata mmoja aliyesubiri.

Nikamuuliza mama yao nani kamfundisha. Akasema, "Nani tena kama si dada yake? Kila jioni wanapiga makofi mpaka nawaambia basi. Lakini Mwalimu, si ulisema hawezi?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli. Nilijaza ndoo nikaondoka, nikalia njia nzima, maji yananimwagikia begani.

Jumatatu niliomba fomu nirekebishe. Mwalimu mkuu akasema zimeshasomwa, tukibadilisha ya mmoja kila mzazi atakuja kulalamika. Nikamwambia anayelalamika hapa si mzazi, ni mwalimu. Akaniambia nisijitafutie makubwa. Nikaenda kwa baba yake Mwajuma, nikamkuta anaandaa shamba kabla ya mvua. Nilimweleza yote, kosa langu, habari ya wimbo, na ya Asha pale bombani. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe, kisha akasema, "Ulimsema mbele za watu. Kamrudishie mbele za watu."

Ijumaa tunafunga shule na wazazi wote watakuja. Nitasimama. Sijaomba ruhusa na siombi. Nitasema Mwajuma anaujua wimbo kuliko darasa zima, nitaeleza nimejuaje, na nitasema lile neno hafifu lilikuwa langu. Mwajuma mwenyewe sitamsimamisha. Huenda baada ya hapo nikaambiwa nifungashe. Mwalimu wa kujitolea hafukuzwi, anaambiwa tu ahsante. Na iwe.

Nimenunua daftari, maana wewe na kichwa chako mmetuponza. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la Mwajuma, na chini yake: amemfundisha mdogo wake, pamoja na pale pa kunyamaza. Atakayelichukua darasa hili baada yangu hatapekua kabati akakuta vizibo.

Pumzika, Mwalimu. Bado nimekukasirikia, na bado kila nikiingia darasani nakutafuta kwa macho. Jumapili nitakuja kung'oa magugu kaburini. Jumamosi usinitegemee. Wakinibakiza au wakinifukuza, Jumamosi nitakuwa bombani, na sitabeba ndoo.

Mwanafunzi wako asiyesikia,
Eliya