Marehemu Anapita Kila Alfajiri Mbele ya Kamera za Pongo

Mama Pasca, nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na tafadhali usitaje jina langu redioni. Mimi ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, naishi Koboko, huku Uganda, kazi yangu iko Arua, pale Mvara, kwenye ofisi ya watafiti wa wanyama, wamefunga kamera kwenye miti ya msitu karibu na mpaka, pongo au ngiri akipita kamera inampiga picha yenyewe na kuweka saa, na mimi natazama picha hizo nipange mnyama gani anatoka saa ngapi, anakula saa ngapi, anarudi kulala saa ngapi, na picha yenye mtu bosi wetu Kambale alisema tuifute hapohapo. Sasa Mama, nilikuwa natafuta pongo nikamwona mume wangu Lomoro, ambaye tulimlilia tukamaliza, tuliambiwa aliuawa njiani wakati wa vita, mwili hatukuupata, tukazika shati lake, na baada ya matanga nikarithiwa na mdogo wake Yangi, na Yangi ni mtu mzuri, hajawahi kuniinulia mkono, mimba niliyo nayo ni yake, ila kwa desturi yetu mtoto ataitwa wa Lomoro ili marehemu asipotee.

Nilidhani macho yananidanganya, nikafungua picha za siku nyingine, nikamkuta tena na gunia la makaa begani, anachechemea kidogo lakini ni yeye, na kama nisingekuwa na kazi hii ningejifariji kwamba yuko njiani anatutafuta, lakini kazi imenifundisha, mnyama anayeonekana mara moja ni mpita njia, anayepita kila alfajiri akienda na kila jioni akirudi makao yake yako hapo karibu, na Lomoro ndivyo anavyopita, kwa hiyo anaishi pale, Koboko ni mwendo wa asubuhi moja tu, na hajaja. Picha sijazifuta, moja iko kwenye simu yangu. Sili, silali, Yangi ananiuliza, "Wewe iko na shida gani?" nami nasema ni mimba. Nikimwambia nitavunja nyumba, nikinyamaza nitazaa mtoto wa marehemu ambaye anachoma makaa. Mama, natamani nisingejua. Nifanye nini?

*

Pole, binti yangu. Pole sana, na sasa nisikilize maana nitakugombeza. Unalala kando ya Yangi huku kaka yake yuko hai ndani ya simu yako, halafu unasema unalinda nyumba? Nyumba gani hiyo? Yangi naye alimlilia huyo mtu. Alikuwa kaka yake kabla hajawa mume wako, na wewe umemficha.

La pili litakuuma. Unasema hajaja. Umejuaje? Kamera ziko msituni, hakuna iliyofungwa mlangoni kwako. Labda alikuja, akauliza kwa jirani, akaambiwa unakaa vizuri na Yangi na tumbo limeshaonekana, akageuza. Labda pia hakutaki, wanaume wa namna hiyo wapo. Mimi sijui, wewe hujui, na hizo picha hazitakwambia hata ukikesha nazo.

Fanya hivi. Leo, Yangi akishakula, mpe simu aone mwenyewe. Kambale naye mwambie ukweli kabla hajagundua. Msituni usiende peke yako na tumbo hilo. Atangulie Yangi na katekista wenu, wamngoje njiani jioni, maana saa zake unazijua kuliko mtu yeyote. Jina la mtoto lisubiri. Wewe ni mke wa nani, hilo litaamuliwa na kikao cha ukoo, nawe usikae kimya humo, wewe si ng'ombe wa mahari.

Matumaini makubwa usijipe. Kama harudi, akwambie wewe mwenyewe, ana kwa ana. Utalia, na kilio hicho kitazidi kile cha matanga, maana safari hii unayemlilia anakusikia. Lia mbele yake mpaka uchoke, halafu mrudi nyumbani na Yangi.